Nani Anasafisha Bastola Yako?

Jumatatu, 3 Machi

Jicho langu,

Watoto hawajambo, nyumba imesimama, na mimi nimebaki na jioni ambazo sijui nizifanyie nini. Jana baada ya kula nilitandaza lile taulo la kijani mezani kama kawaida yetu, nikakaa, ndipo nikakumbuka kwamba bastola iko kambini na wewe uko nayo. Binti yako mkubwa akaniuliza kama nasubiri mgeni.

Ndani ya begi lako, katikati ya soksi, nimeweka kopo la bati. Nimelizungushia utepe mweusi ili mafuta yasimwagike. Humo mna brashi ya shaba, vitambaa nilivyovikata mwenyewe na mafuta yangu ninayoyachanganya mwenyewe. Ufito wa kusafishia mtutu umefungwa pembeni mwa begi. Msimamo wangu unaujua, lakini nitaurudia kwa sababu huko utakutana na watu wenye maoni. Bastola ya mashindano husafishwa kila siku inapofyatuliwa. Habari za kila wiki, au za kungoja mpaka ionekane chafu, sitaki kuzisikia. Anayekwambia vinginevyo ni mvivu, na mvivu akishapata sababu ya kitaalamu hapatikani tena. Nimesoma vitabu vya watengenezaji, nimesoma majarida, nimebishana kwa barua na wauzaji mpaka wakaacha kunijibu. Pale klabu ya shabaha ninapofanya kazi silaha zote hupitia mikononi mwangu, na hakuna hata moja iliyowahi kukwama mbele za watu.

Nasikia kambi ina fundi wake. Mpe salamu zangu. Mwambie bastola hii ina mwenyewe.

Na risasi za mwanzo zisikutishe. Moyo wako huchelewa kuamka, tunalijua hilo toka zamani. Siku ya mchujo wa timu vumilia tu mpaka uamke.

Mumeo,
Fundi


Jumanne, 11 Machi

Baba watoto,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimelala chali, maana kocha ametufanyisha mazoezi mpaka nimesahau mkono upi ni wa kulia. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta. Mwenzangu wa chumba anakoroma kama trekta linalopanda mlima, na asubuhi ananiuliza mimi kama nimelala vizuri. Dada yako ananitunza. Wanariadha wengine wanaona wivu kwamba muuguzi wa kambi ni wifi yangu, kwa sababu mimi peke yangu ndiye ninayesuguliwa kifundo cha mkono bila kupanga foleni.

Fundi wa kambi wanamwita Kimya, na jina limemkaa. Anaweza kushinda asubuhi nzima asiseme zaidi ya "lete" na "chukua". Juzi alichungulia ndani ya mtutu wangu, akasema "mzuri", akanirudishia. Wenzangu wakanipongeza kwa kupewa hotuba ndefu namna hiyo.

Bastola usiwe na wasiwasi nayo, iko katika mikono salama. Na sikiliza hili: jana katika mzunguko wa kwanza niliongoza kundi zima. Wa kwanza, baba watoto, mimi ambaye risasi zangu za mwanzo hutawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Nilitazama shabaha nikadhani ni ya jirani yangu.

Habari za kusafisha tutaongea tukionana. Waambie watoto wasikuchoshe, na wewe usiwachoshe.

Mkeo,
Jicho


Jumatatu, 17 Machi

Mama watoto,

"Mikono salama." Nimeyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama, nikayasoma nikiwa nimekaa, nikayapeleka kazini nikayasoma tena mbele ya kabati la silaha. Mikono ya nani? Mikono yako naijua: inapiga shabaha vizuri na haijawahi kufunga kifuniko cha chupa ya mafuta ikakaza. Kwa hiyo umekusudia mikono mingine, na kwa kuwa barua nzima ina fundi mmoja tu, sihitaji kupiga ramli.

Sasa ngoja nikueleze kuhusu watu wanaoitwa Kimya. Mtu anayeongea unaweza kumpima, unajua alipokosea. Asiyeongea anajificha nyuma ya mdomo wake, na siku akitamka neno moja wanawake wanalibeba kama yai. "Mzuri." Mtutu gani usio mzuri ukishatunzwa na mimi? Amesifia kazi yangu, na sifa amechukua yeye. Mimi nimekaa mezani kwetu miaka yote hii nikiusugua ule mtutu mpaka unang'aa kama kioo, nikauinua kwenye taa ukauona mwenyewe, na sikumbuki kama uliwahi kumwandikia mtu yeyote barua kunisifu.

Halafu unaongoza mzunguko wa kwanza. Hongera, nasema kwa moyo mmoja. Lakini naomba kujua: hapa nyumbani moyo wako unachelewa kuamka, huko unaamka na jogoo. Nani anauamsha?

Hukujibu nilichouliza. Mtutu unasafishwa kila siku au hausafishwi kila siku? Mafuta gani? Yangu au yake? Nani anauinua kwenye mwanga jioni, na wewe unamsimulia nini anapouinua?

Taulo la kijani bado liko mezani. Watoto wanakula juu yake sasa.

Mumeo, kama bado cheo hicho kipo,
Fundi


Jumanne, 18 Machi

Mdogo wangu,

Sina kawaida ya kukusumbua kazini. Nataka jambo dogo. Wewe unapita karakana ya silaha ukienda zahanati. Tupa jicho tu. Nataka kujua huyo fundi wenu anaisafisha vipi bastola ya wifi yako: ufito anauingiza upande gani, brashi ni ya shaba au ya plastiki, na wakati huo wifi yako amekaa wapi. Ni suala la kitaalamu.

Kaka yako


Jumatatu, 24 Machi

Kaka,

Shikamoo. Suala la kitaalamu nimelisoma nikacheka mpaka mgonjwa wangu akasahau anaumwa nini. Tangu lini umbali kati ya kiti cha wifi na kiti cha fundi ukawa sehemu ya bastola?

Mimi si askari kanzu, na hii ni mara ya kwanza na ya mwisho. Nimepita. Kimya alikuwa dirishani, ameuinua mtutu kwenye mwanga, na wifi yuko karibu naye anachungulia kwa upande mwingine. Alisema kitu kimoja, sikukisikia, wifi akacheka sana. Basi. Ufito sikuuona, brashi sikuiona. Hapakuwa na kitu kibaya, watu hucheka, na hata wewe zamani ulikuwa unachekesha.

Unaumwa ugonjwa ambao zahanati yangu haina dawa yake. Jumapili kabla ya mchujo ni siku ya wageni. Njoo umwone mkeo, mle pamoja, umuulize kwa mdomo wako. Lakini njoo na adabu. Jumatatu yake anapiga risasi za kuamua kama ataingia timu au atarudi nyumbani, na amelisubiri hilo kuliko alivyokusubiri wewe umpose.

Mdogo wako


Jumanne, 8 Aprili

Baba watoto,

Nimeingia timu. Naanza na hilo kwa sababu watoto watakuuliza kabla hujafika mstari wa pili. Nimeingia kwa tundu la sindano, wa mwisho katika waliochukuliwa, na aliyebaki nje ni yule mwenzangu wa chumba. Jana alifunga mizigo akaondoka. Leo chumba kiko kimya na sikuweza kulala.

Sasa nisikilize, na usinikatize kichwani mwako kama ulivyozoea.

Tulipewa risasi tano za kujaribia. Ya kwanza ilikwenda juu kulia, ya pili ikaenda chini kushoto, na tatu zilizobaki kila moja ikatafuta makazi yake. Nikajiambia, tulia, ni ule moyo wako. Mzunguko wa kwanza wa kuhesabiwa ukawa hivyohivyo. Kocha nyuma yangu alikuwa anapumua kama mtu anayebeba gunia. Mkono wangu ulikuwa umetulia, baba watoto. Nilikuwa naujua mkono wangu, na nilikuwa naona karatasi inaniita mwongo. Kisha, katikati ya mzunguko wa pili, risasi zikaanza kukusanyika zenyewe, moja juu ya nyingine, na mimi sikuwa nimebadilisha kitu. Hapo ndipo nilipojua.

Nilipotoka nilikwenda chooni nikajifungia, nikafungua bastola nikainusa. Harufu yako. Mafuta yale hayapatikani popote ila jikoni kwetu. Nikauinua mtutu kwenye balbu ya choo, ukawa unang'aa kama kioo.

Jumapili ulipokuja, kocha aliponiita kikaoni nilikuachia begi lenye bastola ulilinde. Nilisema "lilinde".

Nadhani uliona kopo lako la bati lina utepe uleule mweusi uliouzungusha wewe, halijafunguliwa, ukaamua kwamba Kimya anatumia vifaa vyake. Ukatoa ufito ukaanza kumfuta yeye. Nakujua. Ulisugua kama mtu anayefuta jina ukutani.

Hukumfuta Kimya. Kimya hajawahi kuingiza hata uzi ndani ya mtutu ule. Siku zile za mwanzo nilimwomba anisafishie, maana mimi ni mvivu kama usemavyo. Akauinua kwenye mwanga, akasema "mzuri", akaniambia niuache. Nikipangusa chemba, pale risasi inapokaa, na sehemu za nje kwa kitambaa kila jioni inatosha. Bastola zetu hizi, risasi zake zina nta, nta na masizi hutandaza kitu chembamba ndani ya mtutu, na mtutu hupiga vizuri ukishajizoelea kitanda chake. Ukiukwangua mpaka ung'ae, risasi za mwanzo zinatandika kitanda upya na zinakwenda zinakotaka. Siku ile dada yako alipotuona dirishani nikicheka, nilimwuliza huuacha mtutu wake mwenyewe bila kuugusa kwa muda gani, akajibu, "Mpaka unililie."

Kwa hiyo ulipouliza mikono ya nani, jibu ni kwamba hapakuwa na mikono. Ningeweza kukwambia hilo tangu barua yako ya pili, nikanyamaza. Nilikuacha umwonee wivu mtu, kwa sababu niliona ungeumia kidogo kuliko kuambiwa kwamba mtutu ule haukuwa unamhitaji mtu.

Miaka yote tumekuwa tukiusema vibaya moyo wangu.

Jicho


Jumatatu, 14 Aprili

Mama watoto,

Nimeandika barua tatu kabla ya hii. Ya kwanza ilikuwa na hoja nzuri kuhusu unyevu na kutu. Ya pili ilimtaja Kimya katika kila mstari. Ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote na haikusema kitu. Zote nimewashia jiko.

Ni kweli nilifanya. Niliona utepe haujafunguliwa. Nikasema, kumbe hata mafuta yangu hayafai. Yule mlinzi wa chumba cha vifaa ananifahamu, akanipisha meza, akaniambia, "Karibu, fundi," na mimi nikafanya kazi yangu vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyerudi kwake akakuta kitanda chake kitupu. Nikakusubiri nikitabasamu, kopo na ufito nimeshavitia katika begi langu nirudi navyo nyumbani. Ulikuja, ukanishika bega, ukasema nimekonda. Na mimi sikukwambia.

Bado sikukubali. Unanijua, nikiambiwa jua limechomoza natoka nje kuhakikisha. Jumamosi klabu ilipofungwa nilichukua bastola moja ya zamani ya aina kama yako, nikaisafisha ibada nzima, nikaibana kwenye jiriwa ili pasiwe na mkono wala moyo wa mtu, nikafyatua. Zilitawanyika. Nikaendelea bila kugusa kitu. Zikaanza kusogeleana, zikasogeleana, mpaka zikawa tundu moja. Nikaisafisha tena nikarudia. Zikatawanyika tena. Jiriwa haina moyo unaochelewa kuamka.

Nilikaa pale sakafuni na ile karatasi mpaka mfagizi akaniomba ninyanyue miguu.

Hukuniomba nilie na siandiki ili unionee huruma. Nina hasira. Nilikuwa na mtu wa kugombana naye. Mtu ningemkabili: ningemwandikia, ningempandia basi, ningemshinda kwa hoja mbele ya watu, hata kama hajibu. Sasa unaniambia mpinzani wangu ni masizi. Masizi nitayakabili vipi? Yamekaa na wewe kuliko mimi, yamekufaa kuliko mimi, na hayakuomba hata shukrani.

Na jambo jingine, nililisema peke yangu nikaona heri nikwambie. Pale mezani, jioni, mimi na ufito na wewe na chai, ndipo nilipokuwa najua siku yako imekwendaje. Ukisema kocha kakuudhi, nilikuwa nasugua. Ukisema umechoka na kila kitu, nilikuwa nasugua. Kama mtutu husafishwa mara moja kwa msimu, basi tutaongea mara moja kwa msimu?

Usijibu kama huna nafasi. Mwombe radhi yule mwenzako wa chumba kwa niaba yangu, maana bastola yake ilikuwa pale mezani nikaing'arisha nayo, kama anuani yake unayo. Nipatie na mimi nimwandikie, ingawa sijui mtu huanzaje barua kama hiyo.

Fundi


Jumatatu, 21 Aprili

Baba watoto,

Anuani yake iko nyuma ya karatasi hii. Anza kwa kumwambia ukweli, ndivyo barua kama hiyo inavyoanza. Mimi nimeshamwandikia na kocha nimeshamweleza. Kocha amekutukana kidogo, kisha akasema atamwita yule msichana kama mchezaji wa akiba. Hajaniahidi.

Mengine ni haya. Kwenye mashindano kila mpiga shabaha anaruhusiwa kuingia na fundi mmoja katika chumba cha vifaa. Jina lilitakiwa kabla ya Ijumaa. Wenzangu wote wamemwandika Kimya. Dada yako alikuja kunipaka dawa akaniambia nisikuandike, akasema kaka yake akiachwa na kitu peke yake kwa dakika moja atakisafisha hata kama ni mtoto wa jirani. Nilicheka, nikaenda kwa kocha, nikakuandika wewe.

Usivimbe kichwa. Kimya naye ana ugonjwa wake. Wiki iliyopita bastola ya mmoja wetu ilikwama katikati ya mzunguko, kwa sababu Kimya alimwambia auache mtutu, na yeye akaacha kila kitu, hata chemba ikajaa uchafu, na Kimya hakusema lolote mpaka ilipokwama. Hapo nilikukumbuka. Wewe ungepiga kelele kwa mwezi mzima. Nahitaji mtu wa kupiga kelele. Basi utaratibu ni huu na ni wangu, si wako wala si wake: chemba na kifyatulio unakagua kila siku na kupangusa kwa kitambaa. Mtutu unauacha. Tukirudi nyumbani mashindano yameisha, utausafisha mezani, mara moja, na mimi nitakuwepo.

Kuhusu meza, umekosea jambo. Unasema pale ndipo ulipokuwa unajua siku yangu. Baba watoto, nilikuwa naisimulia siku yangu kwa utosi wako. Najua kila nywele nyeupe iliyoota hapo na imeota lini. Mimi ndiye niliyekuwa na wivu, na sikuwahi kuandika barua tatu wala kupanda basi. Nilikuwa naona unavyouinua ule mtutu kwenye taa, unavyofumba jicho moja, unavyosema polepole "kama kioo", na najiuliza mtu afanye nini katika nyumba hii ili aangaliwe hivyo.

Njoo Jumatano. Nitakuwa kituoni. Ufito uache nyumbani, kopo liache nyumbani, mafuta yaache nyumbani. Vitambaa ninavyo. Njoo mikono mitupu.

Mkeo,
Jicho


Ijumaa, 25 Aprili

Jicho langu,

Watoto watakwenda kwa bibi yao. Msichana nimemwandikia, nilianza kwa ukweli kama ulivyosema, na barua ikawa fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nimefunga begi mbele ya binti yako mkubwa awe shahidi. Ufito uko kabatini. Kopo liko kabatini. Mafuta nimeyafungia, funguo nimempa yeye. Kisha akapekua koti langu, sijui aliambiwa na nani, akatoa brashi ndogo ya shaba katika mfuko wa ndani. Naapa sikumbuki kuiweka. Tumeiweka juu ya taulo la kijani, na mimi nikaiaga.

Kimya mwambie nitamsalimia. Mwambie pia anipishe kiti cha dirishani, maana hilo bado sijalimeza.

Mikono yangu tangu jana haijui ikae wapi. Nimeijaribu mifukoni, nimeijaribu mgongoni. Ukiniona nashuka kwenye basi nimeiachia inaning'inia kama ya mtu mwingine, ichukue wewe.

Nitakutazama usoni. Ukiona nafumba jicho moja, nikumbushe.

Mumeo,
Fundi